Mikono Niliyoinua Mutsamudu

Sitina mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo, kwani tuko nyumba moja na ukuta mmoja tu unatutenga. Barua hii ni ya yale ambayo mdomo umeyakataa kwa miaka miwili.

Nimeanza kuandika baada ya chai ya asubuhi. Naandika mistari mitatu, kisha naiweka kalamu nipumue. Daktari ameniambia nisipande tena ngazi za msikiti. Hakusema zaidi, na mimi niliyeishi kwa kusikiliza yasiyosemwa nilimwelewa. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo Unguja na niliyokulea nayo. Kingazidja ni cha upande wangu na Kinzwani ni cha mama yako. Hii ya tatu ilikuwa yetu sisi wawili. Kifaransa nimekitumia kazini maisha yangu yote na najua jinsi kinavyonisaidia kujificha.

Jana uliporudi kutoka Moroni na ile barua ya uteuzi, shangazi yako alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Wewe ukaja ukakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu ukaniambia, "Baba, kazi hii umeifanya zaidi ya miaka ishirini. Nianzeje?"

Nikakujibu, "Anza kula, wali unapoa."

Shangazi yako akacheka. "Umemsikia balozi wetu? Siri za serikali hazitoki kabla ya kitoweo." Nawe ukacheka. Baadaye ukanipa barua niisome. Niliisoma mara mbili nikakurudishia nikisema hongera, na tangu wakati huo sijala kitu ila chai.

Mambo ya nguo, ya dawa ya kichefuchefu cha melini, ya kumsalimia nani kwanza bandarini, hayo yote shangazi yako ameshakuambia na atakuambia tena. Mimi nitalijibu swali lako.

Nilivyoanza mimi ni hivi. Nilirudi kutoka Unguja nikiwa kijana, baada ya Mapinduzi, na Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha shule. Visiwa hivi vya Komoro vilipopata bendera yake, ofisi ya mambo ya nje ilihitaji watu wanaoweza kuzungumza na wageni, nikachukuliwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga viti. Usicheke. Mwaka mzima nilipanga viti: nani akae kuume kwa nani, nani asitazamane na nani, mgeni gani ataudhika akipewa kiti kisicho na mikono. Mkuu wangu wa wakati ule, mtu mkali aliyevaa tai hata jua linapochoma, alikuwa akipita nyuma yangu akisogeza kiti kimoja inchi mbili, bila kusema neno.

Baada ya mwaka ule akanifundisha kuandika taarifa ya mazungumzo. "Ukitoka kwenye kikao usiende kula, usiende kulala, kaa uandike," alisema. "Na ujue tofauti ya kusikia na kukubali. Wewe umetumwa kusikia. Kukubali kuna wenyewe." Nilipokosea mara ya kwanza, nikaandika kwamba tumekubaliana na mjumbe mmoja juu ya jambo dogo la viza, aliichana karatasi mbele ya makarani wote. "Nani kakupa nchi uigawe?" Makarani wakanitania kwa jina hilo, Mgawa Nchi, kwa miezi. Mimi mwenyewe baadaye niliwafundisha vijana wengi kanuni hiyo. Kwa hiyo nitakayokueleza siwezi kusema niliyafanya kwa kutojua.

Sasa nikueleze habari ya bangwe la hapa Ntsudjini, uwanja wa mashauri ya mji, ambayo umeiona tangu utoto na huenda hukuwahi kuifikiria. Unajua kuwa wanaume wa Ngazidja hawakai ovyo uwanjani. Aliyefanya ndoa kubwa, akaulisha mji, akavishwa joho lake, hukaa na wakubwa na husema. Asiyefanya ni mtoto wa mji, awe na mvi au asiwe nazo. Mimi nilioa Mutsamudu, kwa mama yako, kwa ada ya kwao. Hapa sikufanya ndoa kubwa. Kwa hiyo nilikuwa nashuka kutoka ofisini nilikopokea mabalozi, naingia bangweni na kukaa upande wa vijana. Siku moja kulikuwa na mashauri ya maji ya mji, jambo nililolijua kwa sababu mimi ndiye niliyeandikiana na wafadhili. Nikanyanyua mkono. Mzee mmoja, muuza samaki wa Itsandra aliyeoa kwetu, akanitazama akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, wakubwa wakimaliza, utawaletea kahawa." Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Nikainuka nikaleta kahawa.

Nilijisema kwamba hilo halinigusi, kwamba mimi ni msomi na hayo ni mambo ya kizamani. Nilijisema hivyo kwa miaka mingi. Laiti ningekiri kuwa linaniuma, huenda ningelichunga. Mwanangu, kila mtu anayeingia kazi hii huwa na kitu anachokitamani asichokitaja. Watu wa upande wa pili watakiona kabla yako, hata bila nia mbaya, nao watakupa.

Nzwani, kisiwa cha mama yako, ilipojitenga na serikali ya Moroni wewe ulikuwa masomoni Tunis. Mama yako alikuwa ameshavuka kwenda kwao kwa harusi za msimu, kama kila mwaka. Tulisikia kwamba Mutsamudu wamepandisha bendera nyingine, kwamba vijana wamefunga barabara, na kwamba watu wa kisiwa chetu walio kule wanaambiwa waondoke. Ofisini kila mtu alikuwa na maoni. Siku ya tatu nikaitwa na mkuu wa wakati huo, simtaji. Akasema, "Wewe mkeo ni wa kule. Watakupokea. Nenda kasikilize, urudi utuambie." Akanipa karatasi yenye maneno mawili ya kazi: kusikiliza na kuripoti.

Asubuhi niliyopanda boti niliona bandarini hapa Moroni malori ya jeshi yamepangwa na askari wamekaa chini wakisubiri. Nikarudi hatua kumi hadi kwenye gari la mkuu aliyenisindikiza. Nikamwuliza, "Hawa wanakwenda wapi?"

Akasema, "Wewe nenda kasikilize."

Sikuuliza mara ya pili. Ningeuliza mara ya pili angenidanganya, au angenirudisha nyumbani, na vyote viwili vingekuwa afadhali. Nilipanda.

Mutsamudu nilipokelewa kama mkwe. Babu yako, Bako, alinisubiri kwenye ngazi za uchochoro wa kwao, amevaa kanzu nyeupe, na wazee kama kumi na tano walikuwa ndani. Mjomba wako Bakari alinipokea mzigo. Siku hizo alikuwa haendi bandarini, alikofanya kazi ya kupakua meli. Alikuwa amewapeleka mkewe na watoto wake wanne milimani, kwenye shamba la mikarafuu la Bako, yeye akabaki kulinda nyumba. Nusu ya mtaa ilikuwa imekimbilia huko milimani. Walikuwa wanaogopa kitu kimoja tu, na hicho ndicho walichokuja kuniuliza.

Nilipoingia nikatafuta pa kukaa karibu na mlango, kwa mazoea. Bakari akaangua kicheko. "Mtazameni huyu! Wangazidja hata kwenye maziko hugombania mbele, na sisi tumeletewa wa peke yake anayekaa kwenye viatu!" Wazee wakacheka wote. Bako akapiga mto uliokuwa kuume kwake. "Mkwe, njoo hapa. Leo wewe ndiye mkubwa." Nikaenda nikakaa. Nilihisi joto kifuani kama mtoto aliyesifiwa chuoni. Katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyejua kuwa kwetu mimi huleta kahawa.

Walizungumza muda mrefu, kwa hasira, lakini kwa adabu. Habari za shule zisizo na walimu, za mishahara, za watoto wao wanaozama wakivuka kwenda Maore kwa Wafaransa. Mzee mmoja fundi seremala alisema, "Sisi hatuwachukii. Tumechoka kuwaomba." Nilisikiliza vizuri. Hadi hapo nilikuwa nimeifanya kazi yangu.

Kisha Bako akasema, "Mkwe, mengine yataandikwa na wenye kalamu. Tunataka neno moja kwako. Jeshi linakuja, au haliji?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nimetumwa kusikiliza. Ningeweza kusema kwamba niliona malori. Wote walikuwa wakinitazama mimi, wazee kumi na tano na majoho yao. Nikasema, "Mimi nimekuja. Angetumwaje mkwe, kama nia ingekuwa vita?"

Sikusema uongo hapo, ukilipima neno kwa neno. Ndivyo tunavyofundishwa. Lakini Bako hakuwa mtu wa kupima maneno namna hiyo. Alisema, "Basi tuombe Fatiha," akainua mikono, na chumba kizima kikainua mikono. Unajua kwetu maana yake. Posa ikisomewa Fatiha imekwisha, shamba likisomewa Fatiha limegawiwa, hakuna karatasi inayoizidi. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekalishwa mbele, walinisubiri mimi niianze.

Nikainua mikono yangu, nikaianza.

Mama yako alikuwa amesikia kutoka chumba cha ndani. Tulipobaki peke yetu aliniuliza, "Umewaahidi nini wazee wangu?"

"Sikuahidi kitu. Nimesoma Fatiha."

"Nani kakutuma uisome?"

"Zalihata, walihitaji utulivu."

"Wewe ndiye uliyehitaji," akasema. Ananijua mama yako.

Kesho yake watu walianza kushuka kutoka milimani. Mkewe Bakari alirudi na watoto na magodoro kichwani. Niliwaona kwa macho yangu uchochoroni, wakinisalimia, mmoja akanibusu mkono. Bakari akarudi bandarini. Mimi nikapanda boti ile ile, na njiani nikaandika taarifa yangu kabla ya kula, kama nilivyofundishwa. Niliandika malalamiko yao yote kwa uaminifu. Fatiha sikuiandika. Niliandika badala yake kwamba mji umetulia, kwamba familia zimerudi majumbani na wafanyakazi wamerudi bandarini. Nilidhani naleta habari njema. Sijui hadi leo nani aliisoma karatasi hiyo na ilimsaidia kuamua nini. Jeshi lilishuka Nzwani baada ya siku chache. Yaliyotokea unayajua kama kila mtu anavyoyajua: walipigana, askari wetu wakashindwa, waliokufa wakafa pande zote mbili.

Ulipokuja kutoka Tunis nilikuambia kuwa mjomba wako alipigwa na risasi iliyopotea. Ni kweli risasi ilipotea. Lakini Bakari asingekuwa pale. Aliuawa kwenye lango la bandari asubuhi ya kwanza, akiwa na makuli wenzake wawili, amerudi kazini kwa neno langu. Na mtoto wake wa pili, yule aliyekuwa akikuandikia barua za michoro, mguu wake mmoja haupo tangu mapigano yale. Hilo sikuwahi kukuambia kabisa.

Uliniuliza pia, si mara moja, kwa nini mama yako harudi, ilhali wenzake wanavuka kwa kubahatisha. Nikakuambia bahari imefungwa, karatasi hazipatikani. Mama yako hana haja ya karatasi. Mwezi wa pili baada ya maziko alinitumia neno kwa mwanamke mmoja muuza vitambaa, naye akaniletea hapa barazani, amesimama, hakutaka kukaa. "Zalihata amesema usije. Nyumba ni yake. Amesema vitu vyako vimefungwa, atapewa yeyote utakayemtuma. Na amesema habari hii Sitina ataipata kwako. Yeye hatamwambia, kwa sababu si yake."

Unajua kwetu mwanamume hana nyumba. Ana nyumba ya mkewe, na akiikosa hiyo anarudi kwa dada yake. Ndiyo maana tunaishi kwa shangazi yako. Si kwa ajili ya kazi ya Moroni, kama nilivyokuwa nikiwaambia watu. Na mama yako amekuwa akikutumia karafuu na kanga na salamu, bila neno hata moja juu yangu, akisubiri nitimize. Miaka miwili anasubiri. Nilikuwa najiambia kuwa nitakuambia ukimaliza mitihani, kisha ukipata kazi, kisha ugonjwa ukipungua.

Jana nikasoma barua yako ya uteuzi. Umetajwa katibu mdogo katika ujumbe unaovuka kesho kwenda Mutsamudu, na chini, panapotajwa kazi yako, pameandikwa: kusikiliza na kuripoti. Maneno yale yale. Sidhani kuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Mtu amefungua jalada la zamani akaona namna ilivyofanywa safari ile. Walikuchagua wewe kati ya wenzako ishirini, Sitina, na si kwa shahada yako. Wewe ni mtoto wa nyumba ile. Bako atakukalisha kuume kwake. Watakuuliza swali lile lile, na wewe hutakuwa na jibu, kwa sababu hakuna atakayekupa jibu hapa. Na watakuwa wameinua mikono kabla hujamaliza kufikiri.

Jana baada ya wewe kulala niliona haya kumwomba mtu, lakini leo asubuhi nilimpigia simu mwenzangu wa zamani aliye bado ofisini, nikamwomba akubadilishe. Akasema, "Mzee, ni nafasi kubwa kwake. Ukimtoa sasa hatapata nyingine. Unajua hapa wanavyowatazama wenye mama wa kule." Najua. Wewe unajua zaidi. Nimeona unavyopunguza sauti sokoni ili lafudhi ya mama yako isisikike. Kwa hiyo usipokwenda, watasema hukuwa wetu tangu mwanzo. Ukienda, utatumiwa. Nimeipindua hesabu hii tangu alfajiri na sijaona upande wa tatu.

Sitakuambia uende wala usiende. Sina tena haki hiyo. Ila ukienda, nakuomba hivi, na ndilo jibu la swali lako. Kabla hujakaa, ukiwa bado umesimama, waambie babu yako na wazee wake kwamba baba yako aliyaona malori. Hawalijui hilo. Wao wanadhani nilidanganywa kama wao. Mama yako peke yake ndiye aliyenishuku. Waambie niliyaona, nikauliza mara moja, nikanyamaza. Halafu waambie wewe umetumwa kusikia tu, na kwamba hujui jeshi litakuja au halitakuja, na mikono yako uiache chini.

Huenda wakakufukuza. Huenda mke wa Bakari akakuambia maneno usiyoweza kuyasahau. Yasikilize hadi mwisho. Usijaribu kunitetea, na usiniombee radhi, kwani ukiniombea watalazimika kukujibu kwa adabu, na nimeshaitumia adabu yao vya kutosha. Kisha urudi uandike katika taarifa yako ya kwanza kwamba hukupokewa, na kwa nini. Wakubwa hawataipenda. Inaweza kuwa taarifa yako ya kwanza na ya mwisho.

Wala sikuambii haya kwa kuwa naamini yatasaidia kitu. Siamini. Visiwa hivi nimevitumikia tangu bendera yake ikiwa mpya, na ninaviacha vikitazamana kwa darubini za bunduki. Watu watasaini karatasi, nyingine zitachanwa, nyingine zitasainiwa, na Bakari atabaki pale alipo. Nilitamani kukuachia kitu kizuri zaidi katika kazi hii. Nimetafuta, nimepata hiki tu.

Jua limeshafika ukuta wa jirani na mwandiko wangu hausomeki tena vizuri. Nilikuwa nimepanga kumpa shangazi yako barua hii akukabidhi kesho bandarini, uisome ukiwa baharini nami niko mbali na uso wako. Nimebadili nia. Nitakupa mwenyewe, mkononi, utakapoleta dawa yangu ya magharibi.

Kesho gari la ofisi litakuchukua saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nitakuwa macho. Kama utaingia kuniaga, sitauliza umeamua nini. Kama utapita bila kuingia, nitasikia hatua zako ukumbini, na nitajua kwamba umeisoma hadi mwisho na umenielewa, wala sitakulaumu.

Baba yako.